Kibweta cha Vikaratasi

Jumatatu, 6 Januari

Leo ni siku ya kumi na nane tangu nipasuliwe goita kule Mwanza. Jeraha limekauka. Sauti haipo.

Nikifungua mdomo unatoka upepo tu, kama tairi la baiskeli lililopata pancha. Daktari alisema mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umechoka. Huenda ukaamka baada ya miezi mitatu, huenda sita, huenda usiamke. "Na usinong'one, Mwalimu," akaniambia. "Kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema." Nesi wa wodi ndiye aliyenishauri niandike kila siku, maneno yasije yakaniozea kifuani.

Basi naandika. Jina langu Mariana, nafundisha darasa la pili hapa Ushirombo. Kwa miaka minne nililala nimekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu ya uvimbe ule. Jana nimelala chali mpaka asubuhi. Kwa hilo nashukuru, hata kama shukrani yenyewe haina mlio.

Jumatano, 8 Januari

Mvua kutwa. Mayu amefika.

Alhamisi, 9 Januari

Mayu ni mama mkwe wangu, mama yake Donatus. Ametoka kijijini na kuku wawili, ndoo ya mchele, na sauti inayofika sokoni. Donatus anaendesha malori mgodini Geita, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani, ndiyo maana amemwita mama yake aje anitazame. Hakuniuliza kwanza.

Nilipiga magoti kumsalimu. Midomo ikatamka shikamoo, sauti haikutoka. Mayu akasubiri. Akasubiri tena. Kisha akamgeukia mwanangu Noela, "Mama yako siku hizi hasalimii?" Noela ana miaka saba na anajua kila kitu. Akamjibu, "Bibi, amesalimia. Wewe hujasikia."

Jumamosi, 11 Januari

Nimepata njia ya kusema. Safiya, mwenye duka la madaftari karibu na stendi, amenipa vikaratasi vya kunata, vile vya rangi ambavyo watu wa ofisini hubandika kwenye mafaili. Bati lake lilivuja, pakiti nyingi zikalowa pembeni, hakuna mteja anayezitaka. "Chukua zote, Mwalimu," alisema. "Ningezitupa."

Nimebandika nyumba nzima. Mlangoni: NIMEKWENDA KISIMANI. Kwenye chupa ya chai: TAYARI. Kwenye mto wa Mayu: KARIBU MAYU, UMELALAJE?

Jioni nimevikuta vyote vimebanduliwa na kuwekwa kwenye ndoo ya takataka. "Nyumba imekuwa ukuta wa matangazo," Mayu alisema, hakunitazama.

Nimelala na hasira.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Wanafunzi tisini na wanne.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Benjamini, aliniita ofisini kabla ya kengele. Alizungukazunguka, mwisho akasema: watoto wa darasa la pili wanafundishwa kwa mdomo. Mwalimu asiye na mdomo atawafundishaje? Wazo lake ni nihamie stoo ya vitabu, na darasa langu liunganishwe na mkondo wa pili. Watoto mia na themanini na kitu, chumba kimoja.

Niliandika kwenye kikaratasi: NIPE MPAKA LIKIZO YA APRILI. Alikisoma, akakibandika kwenye kalenda yake, akaguna. Sijui kama kuguna ni ndiyo.

Jumanne, 14 Januari

Vikaratasi viliniponyoka mara sita leo. Kalamu mkono huu, chaki mkono ule, pakiti kwapani. Watoto walicheka. Na mimi ningecheka, ila kicheko nacho hakina sauti.

Ijumaa, 17 Januari

Donatus hupiga simu kila jioni. Yeye anaongea, mimi nagonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Leo aliniuliza kama mama yake ananitunza vizuri. Nilikaa kidogo. Nikagonga mara moja. Akasema, "Umechelewa kugonga." Ananijua.

Jumapili, 19 Januari

Nimegundua kitu, na nina aibu.

Mayu siku zote husema macho yake ni mabovu. Barua za mwanawe alisomewa, kadi ya kliniki alisomewa, kanisani kitabu cha nyimbo hukishika kimefungwa. Miaka tisa nimemwamini. Leo kifungo cha sare ya Noela kilikatika. Mvua imetanda, chumba giza, taa hatujawasha. Mayu akachukua sindano na uzi, akapitisha mara moja tu, bila kulenga mara ya pili.

Macho yake ni mazima kuliko yangu.

Nikakumbuka kikaratasi nilichombandikia kwenye mto wake wa kulalia. KARIBU MAYU. Kumbe kwake ilikuwa kama kumkaribisha mtu kwa lugha asiyoijua, ya kumsengenya.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeacha kubandika maneno nyumbani. Lakini sasa hatuna njia ya kuelewana kabisa, tunaonyeshana vyombo kwa vidole.

Jumatano, 22 Januari

Nimeanza kutengeneza kiwekeo cha vikaratasi vyangu, cha kuning'inia kiunoni ili mikono ibaki huru. Nilikata boksi la biskuti, nikakunja, nikagundisha. Kabla ya chakula cha jioni kilikuwa kimejikunja kama jani la mgomba. Mayu alikitazama jikoni. Akasema neno moja: "Chepesi."

Jumamosi, 25 Januari

Siku nzuri. Nataka kuiandika yote.

Asubuhi nilikwenda kwa Safiya kutafuta karatasi ya mapambo. Alinitolea mabaki ya karatasi za kufungia zawadi: moja ina maua mekundu, moja ina mistari ya dhahabu, moja kijani yenye ndege wadogo. "Haya ni ya harusi za Desemba," alisema. "Kila bibi harusi hubakiza robo mita." Nilipotaka kulipa alifunika droo yake kwa kiganja.

Nyumbani nilitandika mkeka barazani. Mayu akaja na kigoda, akaketi, kwa mara ya kwanza bila kuitwa. Akachukua boksi la sabuni ambalo mimi nililiacha, akalibonyeza kwa dole gumba. "Hili gumu. Na uweke mawili, moja liende hivi, jingine hivi." Akavusha viganja, kimoja juu ya kingine. Mistari ya ndani ya boksi, ikipishana, haikunjiki. Nani alimfundisha? Alisema, "Vihenge vya kuwekea mpunga tunavisuka hivyohivyo."

Gundi ya dukani haikauki kwenye hewa hii ya mvua. Mayu akakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, akautia chumvi kidogo na majivu ili mende wasiule. Tukapaka vipande viwili, tukavibana chini ya jiwe la kusagia mpaka baada ya chakula cha mchana.

Kisha nikakata. Kikaratasi kina upana wa vidole vyangu vinne, nikaongeza upana wa punje ya mchele kila upande ili kisikwame. Bamba la nyuma, kitako, mbavu mbili. Kuta nilizikwaruza kwa kisu upande wa nje kabla ya kukunja, zikakunjika zimenyooka kama daftari jipya. Kukivika karatasi ya maua ndiyo kazi: ukipaka gundi nyingi inavimba malengelenge, ukipaka kidogo inabanduka kwenye kona. Mayu akailainisha kwa mgongo wa kijiko, kutoka katikati kwenda nje, polepole, kama anavyomsugua mtoto mafuta.

Nilikusudia chumba kimoja. Mayu akashika pakiti tatu: ya njano, ya pinki, ya kijani. Akaziweka kwenye goti langu zimetengana.

"Fanya vyumba vitatu," alisema. "Kila rangi na nyumba yake. Ya njano unataka dawa au maji. Pinki chakula tayari, njoo tule. Kijani unatoka, utarudi. Usiandike kitu. Nitaona."

Alisema "nitaona" na sauti yake kubwa ikawa ndogo. Nilijua ananiambia nini. Nilishika mkono wake wenye gundi. Hakuuondoa.

Tumeshona mkanda kwa kipande cha kitenge. Noela amekiita kibweta.

Jumatatu, 27 Januari

Kibweta kiunoni. Hakuna kilichoanguka.

Jumatatu, 3 Februari

Nimeiba wazo la Mayu na kulipeleka darasani. Njano ni kazi ya kufanya. Kijani ni rudia. Pinki ni hongera, ina neno moja la sifa. Watoto tisini na wanne wananitazama mkono kama vifaranga wanavyotazama kunguru. Kila kikaratasi kina sentensi fupi, na asiyeisoma hajui la kufanya, kwa hiyo anamwuliza jirani, na jirani anaisoma kwa sauti. Mwaka jana nilipiga kelele mpaka shingo ikauma na nusu yao hawakusikia.

Kuna kazi moja siwezi: kutamkisha silabi. Leo, kabla sijamwomba mtu, Mwalimu Benjamini aliingia na fimbo yake ya kuonyeshea ubao. "Nusu saa ya asubuhi nitakuwa sauti yako," alisema. "Usimwambie mtu, watafikiri sina kazi." Akaimba ba be bi bo bu na kitambi chake kikatikisika. Nilikuwa nimemwandika vibaya humu tarehe 13. Nafuta kwa moyo, wino umeshakauka.

Alhamisi, 6 Februari

Jua. Nguo zote zimekauka.

Jumanne, 11 Februari

Karatasi ya maua imeota ukungu kwenye kona. Mayu ameipangusa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa. Sasa nanuka kama kibatari, watoto wanasema.

Jumapili, 23 Februari

Donatus yuko nyumbani. Alikuta mama yake na mimi barazani tunatengeneza kibweta cha nne. Akasimama mlangoni na mkoba wake begani, hakuingia. "Nyie wawili," alisema tu. Mayu akamtupia kijiko, "Lete uji mwingine wa gundi, na usiumwage."

Vya ziada ni vya wodini Mwanza. Nakumbuka mama wa kitanda cha jirani, naye alipasuliwa koo. Alikuwa akiandika haja zake pembeni ya boksi la glovu, na wasafishaji walilitupa.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani imeanza. Safiya amefunga, duka anachelewa kulifungua. Mayu amempelekea uji wa ulezi wa kufuturu. Wamekuwa mashoga, sijui tangu lini.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sauti bado.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Nimejaribu kusema "Noela" chooni, peke yangu. Upepo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Leo nimelia wakati wa kwaya. Nilikuwa naimba sauti ya pili. Mayu alinipa ncha ya kitenge chake nipanguse, akaendelea kuimba, kwa sauti ile ya kufika sokoni. Kitabu mkononi mwake kilikuwa kimefungwa, na sikuona aibu yoyote juu yake.

Jumamosi, 15 Machi

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na bandeji, ndiyo maana sijaandika. Naandika sasa kwa taabu, lakini lazima.

Alhamisi saa kumi jioni mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mayu alimtuma Noela akamfungue mbuzi wetu kabla ya mvua. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya mahindi ya jirani. Huko kuna duara la zamani, shimo la wachimbaji lililoachwa tangu sijaolewa. Lilifunikwa kwa magogo na udongo, nyasi zikaota juu, tukalisahau. Mvua ya miezi miwili ilikuwa imeyaozesha magogo.

Mimi nilikuwa narudi kisimani na dumu la maji. Nilimwona Noela anavuta kamba. Kisha nikaona ardhi inakaa chini. Haikupiga kelele. Ilikaa tu, kama mtu aliyechoka, na mwanangu akazama mpaka kwapani.

Nilipiga ukelele. Nasema nilipiga, kwa sababu mwili wote ulipiga, mbavu ziliuma. Hakuna kilichotoka. Hata ndege hawakuruka.

Nilikimbia, nikalala kifudifudi kwenye matope, nikamshika kifundo cha mkono. Miguu yake ilikuwa inaning'inia hewani, nilijua kwa uzito. Chini nilisikia udongo unadondoka majini. Noela akanitazama. "Mama, ita watu," alisema.

Ita watu.

Mkono mmoja ulikuwa wake. Kwa ule mwingine nilivua kandambili, nikapiga dumu nililokuwa nimekimbia nalo, limelala karibu yangu. Nilipiga, nikapiga. Kila nikipiga udongo uliteleza kidogo. Kamba ya mbuzi ilikuwa imenizunguka mkono, mbuzi naye anavuta upande wake, na ngozi ikachanika, wala sikusikia maumivu mpaka baadaye.

Mayu alitokea kwenye mahindi. Alituona. Hakutukimbilia. Mungu ambariki kwa akili hiyo, maana uzito wake ungetumaliza wote. Alisimama palepale, akaweka viganja mdomoni, akapiga mwano.

Nilikuwa nimesikia habari za mwano, kilio cha Kisukuma cha kuita watu wakati wa hatari, lakini sikuwahi kuusikia ukipigwa na mtu anayeumaanisha. Uliondoka kifuani mwake, ukapita juu ya mahindi, ukaenda. Ukajibiwa mbali. Ukajibiwa tena karibu. Watu walitoka kila upande. Vijana waliokuwa kwenye kinu cha kusagia mawe walikuja na kamba ya shimoni. Mchimbaji mmoja, Eliya, alijifunga kiunoni, akatambaa kwa tumbo mpaka akampata Noela chini ya makwapa. "Mama, sasa muachie," aliniambia. Sikuweza kuachia. Ilibidi Mayu anikunjue vidole kimoja kimoja.

Walimtoa. Kiatu kimoja kilibaki humo. Alikuwa na michubuko tu, na matope mpaka masikioni. Dakika chache baadaye duara lote lilitumbukia, na mbuzi.

Usiku ule Mayu hakuingia ndani. Alikaa jikoni, moto umezimika. Nilimfuata. Alisema, "Mimi ndiye niliyemtuma." Akasema tena. "Mama Noela, mimi ndiye niliyemtuma." Alikuwa analia bila sauti, yeye mwenye sauti, na mimi nisiye nayo nikasimama mbele yake. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Kwamba hata mimi nilipita juu ya shimo lile mara mia. Kwamba bila mwano wake leo tungekuwa tumekaa msibani. Hakuna hata moja ambalo ningeweza kuliandika akalisoma.

Niliwasha moto. Nikapika ugali kwa mkono wa kushoto, ukawa na madonge. Kisha nikachomoa kikaratasi cha pinki kwenye kibweta, nikakibandika mgongoni mwa kiganja chake.

Njoo tule.

Alikitazama. Kisha akanawa mkono mmoja tu, ule usio na karatasi, na tukala.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu Benjamini amepeleka taarifa ofisi ya kata kuhusu mashimo ya zamani. Vijana wa Eliya wamefukia letu kwa mawe, hawakutaka kitu. Nimewapikia. Mayu aliwashukuru kwa Kisukuma mara kumi, "Wabeja, wabeja sana." Mimi niliwashika mikono, mmoja mmoja.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Safiya ametuletea pilau sinia zima. Noela amekula mpaka akalala na kipande cha nyama mkononi.

Jumanne, 8 Aprili

Mwanza, kliniki. Daktari aliingiza kamera yake puani. "Sema aa." Nikasema. Kitu kikakwaruza, kama mlango wa stoo.

"Mshipa unaamka," alisema. "Sauti ya zamani sikuahidi. Hii itakuwa nzito. Itumie kidogo kidogo."

Nilitoka nikaketi kwenye benchi la nje, nikasema "aa" tena, kwa siri, kama mtu anayeonja sukari.

Vibweta vitano nimeviacha wodini. Nesi alisoma jina langu kwenye cheti, akanikumbuka. Wakati naondoka, mwanamke mmoja mwenye bandeji shingoni alikuwa ameshaanza kupapasa maua ya karatasi kwa kidole.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya mwisho kabla ya likizo. Mwalimu Benjamini alikuja na mgeni kutoka halmashauri kuwapima watoto kusoma. Kati ya tisini na wanne, themanini na mmoja walisoma hadithi yote. Januari walikuwa thelathini na mmoja. Mgeni aliuliza tumetumia mbinu gani. Mwalimu Mkuu akasema, "Muulizeni mwenyewe," akatoka nje haraka, nadhani alikuwa anapangusa macho.

Walipoondoka nilisimama mbele ya darasa. "Watoto," nilisema. "Asanteni."

Sauti ilikuwa ya kiume, yenye kutu. Wakatazamana. Davis wa dawati la mbele alinyanyuka, akachomoa kikaratasi kiunoni mwangu bila ruhusa, akaandika akiwa ametoa ulimi nje, akanipa.

MWALIMU USISEME TUTASOMA.

Nilimpa cha pinki.

Jumamosi, 12 Aprili

Mayu amerudi kijijini leo. Mpunga umeanza kuiva na ndege hawana huruma. Nilikuwa nimeitunza sauti tangu jana kwa ajili yake, sikusema hata na Donatus.

Stendi, gari likiwa linajaza abiria, nilipiga magoti kwenye kokoto. "Shikamoo, Mayu."

Mzigo ulimteleza kichwani. Safiya aliyetusindikiza ndiye aliyeudaka.

"Marahaba," Mayu alisema. "Marahaba, marahaba." Kisha akainama dirishani, ameshakaa ndani, "Sema tena."

"Safari njema, Mayu."

"Sema tena. Chochote. Nisikie niende nayo."

Konda alikuwa anafunga mlango. Maneno yote niliyoyaweka tangu Desemba yalikimbia. Basi nikaanza kumtajia majina ya wanafunzi wangu, kwa mpangilio wa rejista, wa kwanza, wa pili, wa tatu, natembea kando ya gari, kisha nakimbia, naye ameegemeza sikio lake nje ya dirisha. Nilifika jina la kumi na saba ndipo gari likaniacha.